Maswali ya Wasomaji: Urani Hushikwaje na Protini za Mwili?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba urani ikiingia mwilini hushikana na protini za damu, na kwamba figo ndizo huumia kwanza. Protini hizo si zina kazi nyingine kabisa? Urani inazipataje, na kwa nini hofu ya kwanza isiwe mionzi? (Mwanafunzi wa kemia)

JIBU: Ndugu msomaji, haijulikani protini yoyote ya binadamu ambayo kazi yake ni kubeba urani. Madini haya hukalia nafasi zilizokusudiwa madini mengine, hasa chuma na kalsiamu, na hufaulu kwa sababu ya umbo lake. Ndani ya maji ya mwili urani haikai kama atomu pweke, bali hujifunga na atomu mbili za oksijeni, moja kila upande, zote tatu zikiwa katika mstari ulionyooka, na kuwa ioni (chembe yenye chaji ya umeme) iitwayo uranili. Kwa kuwa ncha zake mbili zimekwisha kuzibwa, chochote kinachotaka kuikamata hakina budi kuikamata kiunoni, ambako hukaa vishikio, yaani atomu za kile kinachoikamata, vinne hadi sita, na mara nyingi ni vitano.

Vishikio vinavyoifaa zaidi ni vya oksijeni. Kwa hiyo hutafuta sehemu za protini zenye asidi ya aspatiki na asidi ya glutamiki (asidi amino mbili kati ya zinazojenga protini), ambazo ndizo hasa hushika kalsiamu. Tena mahali ambapo protini imeongezewa fosfeti, yaani kundi la fosforasi na oksijeni, mshiko huwa imara zaidi. Hivyo ndivyo kalmodulini, ambayo seli huitumia kutambua mabadiliko ya kalsiamu, inavyoweza kunaswa na urani katika majaribio ya maabara, na ndivyo pia osteopontini, protini ya mifupa yenye fosfeti nyingi, inavyoishika kwa nguvu kubwa.

Katika damu, wengi hutaja kwanza transferini, mbebaji wa chuma. Ni kweli kwamba uranili huingia katika nafasi ya chuma, lakini chuma hushikwa kutoka pande sita, juu na chini zikiwemo, ilhali uranili haishikiki kwenye ncha zake, hivyo haiwezi kukaa humo sawasawa na chuma. Albumini nayo ina faida ya wingi, kwani ndiyo protini iliyo nyingi kuliko zote katika majimaji ya damu. Hata hivyo, kwa maoni yangu inayostahili kutazamwa zaidi ni fetuini, protini nyingine ya damu, ambayo ni chache kuliko albumini lakini imeonekana maabara kuishika urani kwa nguvu kuzidi hizo mbili.

Mshindani mkubwa wa protini zote hizi ni bikaboneti ya damu, kemikali inayopunguza asidi mwilini. Sehemu kubwa ya urani husafiri ikiwa imezungukwa na kaboneti itokanayo na bikaboneti hiyo, katika umbo dogo linalopita kwa urahisi kwenye chujio la figo. Taabu huanza baada ya hapo, kwa sababu mirija ya figo huirudisha bikaboneti mwilini na mkojo ukaanza kuwa na asidi. Uranili hubaki bila kifuniko chake, ikadaka protini za seli za mirija hiyo na kuziharibu. Ndiyo maana tiba mojawapo ni kumpa mgonjwa bikaboneti ya sodiamu ili mkojo usiwe na asidi.

Kuhusu mionzi, urani ya asili karibu yote ni urani-238, ambayo huchukua takriban miaka bilioni 4.5 hadi nusu yake iwe imebadilika, kwa hiyo mionzi itokayo katika kila gramu ni midogo. Kiwango cha mikrogramu 30 kwa lita ya maji ya kunywa, kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, kilizingatia sumu yake ya kikemikali tu. Urani iliyorutubishwa, yaani iliyoongezewa kiasi cha urani-235 yenye mionzi zaidi, ni suala jingine.

SWALI: Je, urani yote inayomezwa hufika kwenye protini hizo?

JIBU: Hapana. Kwa mtu mzima, asilimia 1 hadi 2 hivi ndiyo huvuka utumbo na kuingia katika damu, na iliyobaki hutoka na choo. Hata katika hiyo iliyovuka, takriban theluthi mbili hutolewa kwa mkojo ndani ya saa 24. Sehemu inayosalia hukaa zaidi katika mifupa na figo.

SWALI: Inawezekana kutengeneza protini ya kuinasa urani peke yake?

JIBU: Imekwisha kufanyika. Mwaka 2014 watafiti wa Chicago na Beijing walitangaza protini waliyoibuni kutokana na ile ya kiumbe cha seli moja, wakapanga vishikio vya oksijeni kuzunguka kiuno cha uranili na kuongeza kiungo cha haidrojeni (mvuto mdogo kati ya haidrojeni na atomu nyingine) kinachogusa oksijeni ya nchani. Iliichagua urani zaidi ya mara 10,000 kuliko ioni nyingine za metali walizozipima. Lengo lao lilikuwa maji ya bahari, si damu. Lakini huko nako urani imefungwa na kaboneti, kwa hiyo protini hiyo ililazimika kuinyang'anya kutoka kwa mshindani yuleyule tuliyemtaja.