Unanunua mpira, si chuma

SWALI: Fundi, habari ya kazi? Nina Toyota Corolla ya 2004, ile ya chesi ya NZE. Mbele kushoto panagonga kila nikipita tuta. Bushi (zile pete za chuma zenye mpira ndani) za mkono wa chini unaoshika gurudumu zilibadilishwa kabla ya Krismasi na tayari zimepasuka. Fundi wa huku mtaani ananishauri ninunue mikono mizima ya eksi-Japani, yaani mitumba ya kutoka Japani, pale Kirinyaga Road mjini Nairobi, na shokomzoba zote nne. Hiyo itadumu kweli? – Mwalimu, Githurai

JIBU: Mwalimu, kitu chenye mpira usikinunue eksi-Japani. Chuma chao ni kizuri, sibishi, lakini chako nacho kilitoka huko huko, na kama hakijapinda hakina neno. Kinachokwisha ni bushi, na ile ya mtumba imeshazeeka ndani ya gari ilikotolewa. Ikunje kidogo uitazame: utaona nyufa nyembamba kandokando ya pete ya chuma. Weka bushi mpya nzuri kwenye mikono yako mwenyewe.

Lakini hata mpya zitapasuka zikifungwa vibaya, na nashuku ndivyo ilivyokuwa kwako. Bushi ya namna hii, hasa ile ya mbele, mpira wake umegandishwa kwenye chuma ndani na nje. Haizunguki, mkono ukipanda na kushuka, mpira ndio unaojisokota. Fundi akikaza bolti gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia, basi likishushwa tu mpira umeshasokoteka kabla hujatoka gereji. Mwambie azishikishe bolti kidogo, ashushe gari likae kwa uzito wake, ndipo akaze. Na bushi ziingizwe kwa mashine ya preshi ya kusukumia. Ukiona nyundo, ondoka na gari lako.

Huo mlio nao, anzia kwa linki za stabilaiza, vile vijiti vinavyoshika fimbo ya kuzuia gari kulala kwenye kona. Ni spea ya bei nafuu, na mafundi wengi huiruka kwa sababu haiwapi faida. Afungue ncha moja, aitikise kwa mkono. Ikichezacheza, hiyo hiyo ndiyo inayogonga. Kagua pia boljointi, kile kifundo kinachounganisha mkono na gurudumu. Ya NZE imefungwa kwa bolti kwenye mkono, kwa hiyo inabadilishwa peke yake. Mimi hupenda chapa ya 555 ya Wajapani, ila sanduku lake limeigwa sana, basi nunua kwa mtu anayetoa risiti na anayekubali kurudishiwa mali.

Shokomzoba nne za nini? Kama za nyuma hazivuji na gari halirukiruki, ziache. Za mbele zikihitajika, badilisha mbili pamoja, za chapa ya KYB zinatosha. Hapo usikubali kuuziwa bila kifuniko cha vumbi na kile kipira cha kuzuia kugota. Muuzaji atakwambia si lazima. Vumbi letu likikwaruza ule mti unaong'aa wa shokomzoba, sili inakatika na oili inaanza kutoka.

Utatajiwa pia bushi za poliyurethani. Zinadumu, ndiyo, lakini zinalia na gari linakuwa gumu. Waachie vijana wa mbio za magari.

Kazi ikiisha, peleka gari alainimenti, magurudumu yanyooshwe. Na kabla ya kwenda dukani, piga picha bamba la chesi, lile lenye namba ya aina ya gari. NZE124 inaendeshwa na magurudumu yote manne na nyuma yake haifanani na NZE121, kwa hiyo ukifika Jumamosi jioni na kusema "Corolla NZE" tu, utapewa iliyo karibu na mkono.