Barua zenu: Mama alizaliwa Polandi akazikwa Mwanza, tumwelezeje?

Habari za kazi dada. Mimi ni mama wa watoto wanne nakaa Kirumba hapa Mwanza, nakuandikia kuhusu mama yangu mzazi alietutoka mwaka jana akiwa na miaka 90. Mama alikuwa Mpolandi, aliletwa Afrika mdogo kipindi cha vita kuu ya pili, akakulia kambi ya Koja kule Uganda, wenzake walipoondoka kwenda Uingereza na Kanada yeye akabaki, akasomea unesi, akapanda meli mpaka Mwanza na akaolewa na baba, Msukuma wa Magu, fundi wa injini za meli. Mtaani walimwita Mama Mzungu ila Kisukuma alikuwa anatushinda sisi wanae, asubuhi anapita kwa wauza dagaa anawasalimia kwa Kisukuma, mwangaluka, mwangaluka, mpaka anafika sokoni Mwaloni.

Dada, mama alikuwa hatulii. Kuendesha ngalawa ya tanga alifundishwa na wavuvi wa Ukerewe, akiwa na mimba ya mdogo wangu alivuka visiwani kuchanja watoto wa watu, na alipofika miaka 60 na kitu akanunua pikipiki baba akanuna mwezi mzima. Lakini mama huyo huyo alikuwa anaficha vipande vya mkate chini ya mto, ukimuuliza anakwambia "lala mwanangu", basi.

Sasa tunajiandaa na misa ya mwaka na kujengea kaburi, historia yake nimepewa mimi niisome. Kaka anataka tueleze Mwanza tu, anasema mambo ya Ulaya mama mwenyewe hakupenda kuyasema na sisi tukiyataja watu watasema tunajidai uzungu. Mdogo wangu anataka yote yasemwe. Alafu kuna daftari kaliacha limeandikwa Kipolandi, hakuna hata mmoja wetu anaeweza kulisoma. Nianzie wapi?

Binti wa Mama Mzungu, Kirumba

JIBU: Pole sana mdogo wangu, na poleni familia nzima. Barua yako nimeisoma mara tatu, leo nakupa ukurasa wote, wengine mnivumilie barua zenu zinakuja toleo lijalo.

Nianze na ule mkate. Mwaka 1939 Ujerumani na Urusi ya Kisovieti waligawana Polandi, upande wa mashariki ukachukuliwa na Warusi, na kuanzia tarehe 10 Februari 1940 familia za huko zikaanza kusombwa, askari wanagonga mlango usiku, funga mnachoweza kubeba, halafu kwenye mabehewa ya mizigo, wiki na wiki kwenye baridi hiyo mpaka Siberia na kaskazini ya Urusi, waliofuata wengine wakapelekwa Kazakhstan. Huko ni kukata miti porini na mkate unapimwa kwa gramu. Watoto walizika mama zao na mama walizika watoto. Waliotoka hai wengi wamezeeka hawawezi kulala bila kujua mkate uko wapi, hata kama kabati limejaa. Kwa hiyo mama yenu akiwaambia lalani, yeye alikuwa analinda usingizi wenu, mimi naamini hivyo kabisa.

Mwaka 1941 Hitler alipoivamia Urusi ndio Stalin akakubali kuwaachia Wapolandi, likaundwa jeshi chini ya Jenerali Anders, na mwaka 1942 jeshi hilo likavuka Bahari ya Kaspi kuingia Irani pamoja na maelfu ya wanawake na watoto. Wanaume wakaenda vitani. Kina mama na watoto wakaletwa huku kwetu kwa meli, watu kama 18,000 hivi, wengine wanasema karibu 20,000, wakagawanywa kwenye makambi. Kubwa ilikuwa Tengeru pale Arusha, ilikaa watu karibu 5,000, kulikuwa na Ifunda na Kidugala, Uganda ilikuwepo Masindi na hiyo Koja. Sasa sikiliza, Koja iko kwenye rasi ndani ya Ziwa Victoria, upande ambao leo ni wilaya ya Mukono. Hilo ziwa mnalochota maji Kirumba ndilo mama yenu alilioga akiwa mtoto ametoka kwenye theluji. Kaka akisema tueleze Mwanza tu, muulize Mwanza iko kwenye ziwa gani, maana ukilifuata hilo ziwa linakupeleka Koja, na Koja inakupeleka Siberia, huwezi kulikata katikati.

Na kwa nini hakurudi kwao? Vita ilipoisha mwaka 1945 mashariki ya Polandi ilibaki ndani ya Umoja wa Kisovieti, mikono ya walewale waliowasomba. Kijiji kipo ila nchi imehama. Ndio maana wengi wakatawanyika Uingereza, Kanada na Australia makambi yalipofungwa, wachache wakabaki huku.

Haya, hili ndilo ninalotaka ulishike. Umeniambia mama alikuwa hatulii. Hebu zihesabu safari zake mpaka anafika Koja: Siberia, Irani, bahari, Mombasa au Tanga, treni, kambi. Hakuna hata moja aliyoichagua, zote alibebwa kama mzigo. Halafu akawa mtu mzima, akashika kamba ya tanga mwenyewe, akaamua mwenyewe leo naenda Ukerewe na kesho narudi. Hiyo ngalawa na hiyo pikipiki zilikuwa safari zake yeye. Mimi ningeanzia hapo, siku ile amevuka na mimba na kasha la chanjo, watu wamuone kwanza ndani ya chombo, upepo unavuma, ndipo uwarudishe nyuma kwenye lile behewa.

Wahi Ukerewe kabla ya misa. Waliomfundisha tanga kama yupo aliye hai ni mzee sana, na wale watoto aliowachanja leo wana wajukuu, waulize, rekodi kwenye simu. Mtu atakukumbusha neno alilolisema mama yako wewe hujawahi kulisikia.

Daftari usimpe mtu mkononi, hata padri. Piga picha kila ukurasa, na majalada yote mawili, hata kurasa zenye mahesabu tu, halafu ndio utume picha kwa anaejua Kipolandi. Ubalozi wa Polandi upo Dar es Salaam, waandikieni, waelezeni mama alikuwa mtoto wa Koja. Kule Polandi kuna taasisi ya kumbukumbu ya taifa wanaiita IPN, ina orodha mtandaoni ya watu waliosombwa na Wasovieti, na Ujerumani kuna Arolsen Archives wanaotunza karatasi nyingi za wakimbizi wa baada ya vita. Ukitafuta tumia jina la ukoo wake wa kuzaliwa, sio la baba yenu, na mjue kwa Wapolandi jina la mwanamke likiishia -ska la baba yake linaishia -ski, watu wengi wanakwama hapo wanadhani ni koo mbili. Na makarani wa Kiingereza waliyaandika hayo majina walivyosikia, jaribu tahajia hata tano.

Kuhusu kaka yenu, ana hoja moja nzito nisiipuuze. Mama alinyamaza kwa sababu zake. Tafsiri ya daftari ikija isomeni ninyi watatu kwanza, mlango umefungwa, na kama kuna kurasa mnaona ni za kwake peke yake ziacheni humo humo. Alichonyamazia usimtungie maneno kanisani. Sema tu, hapa mama alituambia tulale. Waumini wataelewa. Na hilo la kujidai uzungu liondoeni moyoni, anaejidai hawezi kuhadithia mama yake akiwa na njaa.

Niliwahi kufika makaburi ya Wapolandi pale Tengeru, yako ndani ya eneo la chuo cha mifugo, makaburi kama 150, majina marefu, tarehe fupi, watoto wengi. Nilisimama kwenye kaburi la mtoto nikashindwa hata kulitamka jina lake na iliniuma. Kwa hiyo kwenye kaburi la mama yenu andikeni jina lake la Kipolandi vile vile lilivyo na vialama vyake vyote, chini yake Mama Mzungu, na kijiji alichozaliwa, na Koja, na Mwanza. Wajukuu wafundishwe kulitamka kabla ya hiyo siku, na mmoja wao alisome kwa sauti.

Misa ikipita niandikie imekwendaje. Na ile pikipiki, bado ipo? Nitumie picha yake.