Jibu: Siku moja Tanga, sina gari, nataka magofu na si Amboni tena

Salaam ndugu. Umesema una siku moja tu, huna gari, na unataka magofu, na kila unayemuuliza anakurudisha kwenye mapango ya Amboni. Nenda magofu ya Tongoni. Ni barabara ya Pangani, kusini mwa mji, haifiki kilomita 20.

Kabla ya yote, ulizia stendi gari la mwisho linalorudi kutoka Pangani linapita saa ngapi. Kwenda si tabu. Kurudi jioni ndiko kunakowatesa wageni. Panda gari la Pangani, mwambie konda mapema akushushe Tongoni, kisha utembee kuelekea baharini.

Utakuta gofu la msikiti wa mawe ya matumbawe na makaburi zaidi ya 40, mengi ya nguzo, yaani kaburi lenye nguzo ya mawe iliyosimamishwa. Nguzo nyingi zimeshaanguka, usitegemee fahari ya kwenye picha. Zilizobaki zisogelee: utaona mashimo ya duara kwenye chokaa, mahali zilipopachikwa bakuli za kaure kutoka ng'ambo. Bakuli zimeng'olewa, alama zimebaki. Mwaka 1499 baharia Mreno Vasco da Gama aliiteketeza meli yake moja, São Rafael, kwenye maji ya huku, maana mabaharia hawakutosha. Watu wanapita kila siku hawajui!

Nenda asubuhi na maji yako. Ni makaburi, kwa hiyo vaa kwa stara na usipande juu ya kuta kupiga picha. Amboni iko kaskazini, upande wa pili kabisa. Kwa daladala usijaribu kuziunganisha.