Ushauri kwa Anayetengeneza Kadi za Kufundishia Saikolojia ya Mahusiano

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitengeneza kadi za kufundishia saikolojia ya mahusiano na kuzitumia pamoja na wanandoa, vijana wanaojiandaa kuoa au kuolewa, na wanafunzi wa unasihi. Ushauri wangu wa kwanza kwa yeyote anayeianza kazi hii ni kwamba asianze na fasili. Kadi inayosema kwamba mfungamano (kifungo cha kihisia na mtu wa karibu) wenye wasiwasi ni hali ya mtu kuhofia kuachwa husomwa, washiriki huitikia kwa kichwa, kisha huwekwa kando bila mtu kuuliza lolote. Dhana za namna hii humwingia mwanafunzi pale anapoona mtu akitenda au akisema jambo, naye akalazimika kuamua mwenyewe ni dhana gani iliyo mbele yake. Kwa hiyo mbele ya kadi weka tukio. Jina la dhana likae nyuma.

Mwanasaikolojia Mary Ainsworth, aliyewachunguza akina mama na watoto wao wachanga nchini Uganda katika miaka ya 1950 kabla ya majaribio yake mashuhuri huko Baltimore, Marekani, hakuupima mfungamano kwa kuangalia tu kama mtoto analia mama anapotoka chumbani. Alizingatia zaidi anachofanya mtoto mama anaporudi: mmoja humwendea, akatulia na kurejea kwenye michezo yake, mwingine humng'ang'ania huku akimsukuma, mwingine hugeuza uso kana kwamba hakuna aliyeingia. Ndiyo maana kadi zangu za mada hii huonyesha kurudi, kama vile mwenzi anayefika kutoka safarini au simu inayopigwa baada ya ukimya mrefu. Ukichora kuagana, kadi zote zitafanana, kwa kuwa huzuni ya kuagana humpata karibu kila mtu.

Kwa upande wa maneno, jifunze kwa wanasaikolojia Cindy Hazan na Phillip Shaver. Walipoihamishia nadharia hii ya mfungamano kwenye mapenzi ya watu wazima, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1987, waliwapa washiriki aya tatu fupi za lugha ya kawaida kuhusu jinsi mtu anavyojisikia akiwa karibu na wengine, ili kila mmoja achague inayomfaa. Sijaona kielelezo bora zaidi cha maandishi ya kadi.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kuzitengeneza kadi kwa makundi ya dhana zinazokaribiana. Chukua tabia nne ambazo John Gottman, mwanasaikolojia aliyechunguza wanandoa, alizitaja kuwa hatari kwa ndoa: lawama, dharau, kujitetea na kujifungia kimya. Kadi zangu nne zina kauli moja ya mwenzi: "Ulisema utanipigia, nikasubiri hadi usiku." Kinachobadilika ni jibu. Ya kwanza inajibu, "Wewe hujali mtu, ni kulalamika tu." Ya pili, "Mtu mzima analilia simu!" Ya tatu, "Kwani wewe juzi ulinipigia?" Ya nne haina neno, ila mchoro wa mtu aliyegeukia televisheni. Washiriki hubishana sana kuhusu mbili za kwanza, nami huwaacha, kwa sababu katika ubishi huo hugundua kwamba lawama huishambulia tabia ya mtu, ilhali dharau humweka chini ya anayemdharau.

Rangi zisitoe jibu. Wakijua kwamba nyekundu ni tabia mbaya, hawatasoma tena.

Andika anachofanya mtu, usiandike yeye ni mtu wa aina gani. Inaniuma kumsikia mshiriki akimwambia mwenzake "wewe ni wa kujiepusha", yaani mtu anayekwepa ukaribu, kana kwamba ametoa hukumu, kwani mtu huyohuyo anaweza kuwa wazi kwa dada yake na mgumu kwa mumewe.

Kabla ya kuchapisha, ziandike kwa mkono na uwape watu wasioijua taaluma hii, nawe ukae kimya. Wakiuliza kadi inamaanisha nini, sentensi hiyo iandikwe upya. Kila mshiriki awe na ruhusa ya kurudisha kadi bila kueleza sababu. Vipigo na vitisho visichanganywe na kadi za mawasiliano, maana aliyepigwa hapaswi kukaa kwenye mduara mbele ya aliyempiga wakijadili nani alijibu vibaya. Kadi hizo zitengewe kikao cha faragha, cha mtu mmojammoja, chini ya mnasihi aliyesomea kazi hiyo.