Re: Kuna meli ya Trafalgar ya upande wa Wafaransa iliyofika karne ya 20?

Ndugu, umeuliza kama kuna manowari ya Kifaransa iliyopigana Trafalgar (vita vya baharini ambapo Waingereza walizishinda Ufaransa na Hispania) iliyodumu hadi karne ya 20. Ipo: Duguay-Trouin, ya mizinga 74, iliyoshushwa majini Rochefort, Ufaransa, mwaka 1800.

Siku ya Trafalgar, 21 Oktoba 1805, ilikuwa kwenye kikosi cha mbele cha Dumanoir, admirali wa Kifaransa, ambacho kilichelewa mno kugeuka kuwasaidia wenzao. Meli 4 zikatoroka. Wengi husimulia mpaka hapo, lakini tarehe 4 Novemba, karibu na rasi ya Ortegal huko Hispania, Strachan, kamanda wa Kiingereza, alizinasa zote 4. Touffet, nahodha wa Duguay-Trouin, aliuawa.

Waingereza wakaipa jina Implacable. Kwa maoni yangu ilitumika vizuri zaidi kwao kuliko kwa walioijenga: 1808 ilipambana na Warusi katika bahari ya Baltiki, na 1840 ilikuwa pwani ya Shamu dhidi ya majeshi ya Misri. Baadaye ikawa meli ya kufunzia vijana.

Mwisho wake unauma. Baada ya vita vya pili vya dunia hakukuwa na fedha za kuitengeneza, na Ufaransa nayo haikuitaka. Tarehe 2 Desemba 1949 ikavutwa hadi karibu na kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza, na kuzamishwa kwa baruti, ikipeperusha bendera za nchi zote mbili. Hata hivyo ilichukua saa kadhaa kuzama!

Ukifika Greenwich, London, sanamu yake ya omo (mbele ya meli) na pambo la tezi (nyuma) vimehifadhiwa kwenye makumbusho ya bahari.