Aende, lakini aulize kwanza hospitali

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii ni hili: mwanafunzi aliyeitwa kusomea udaktari katika chuo ambacho hakikuwa chaguo lake la kwanza, aende, au aiache nafasi hiyo aombe tena mwaka ujao? Jibu langu ni aende. Wapo wachache ambao ningewaambia wasubiri, nao nitawafikia.

Mimi ni muuguzi katika wodi ya watoto hapa Kisumu. Kwa miaka mingi nimewapokea wanafunzi wa udaktari kutoka vyuo mbalimbali, na baadhi yao wamerudi kwetu wakiwa madaktari wanagenzi, yaani wahitimu wanaofanya mwaka wa kazi chini ya usimamizi kabla ya kupewa leseni. Swali lenyewe liko nyumbani kwetu pia. Mpwa wangu, binti wa kaka yangu, alikuwa amejiandaa moyoni kwenda Chuo Kikuu cha Nairobi, KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi vyuo, ikampangia chuo kichanga cha huku magharibi. Kozi ni ileile, MBChB, shahada ya udaktari, miaka sita. Tangu siku hiyo kila mtu katika ukoo ana ushauri. Mmoja anasema arudie KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, mwingine anasema auze kiwanja aende ng'ambo. Yeye aliniuliza jambo moja tu: "Shangazi, nikienda huko si watu watasema nilishindwa Nairobi?"

Nilimwambia tuanze na hesabu. Pointi za klasta, zinazopigwa kutoka masomo yanayohitajika kwa kozi, mwisho wake ni 48, na kila mwaka wanaoitwa udaktari ni wale walio karibu na kilele. Kiwango cha kuingilia hakipangwi na mtu mapema. Ni pointi za mwanafunzi wa mwisho aliyepata nafasi, kwa hiyo hubadilika kulingana na wangapi wameomba na wamefaulu vipi. Aliyekosa Nairobi kwa nusu pointi mwaka huu hana namna ya kujua kama nusu hiyo itamtosha mwaka ujao. Akiamua kurudia mtihani, atafanya upya masomo yote. A yake ya kemia ya sasa haimfuati, ataitafuta upya. Ninawajua vijana waliorudia wakapanda, na ninawajua waliorudia wakashuka. Wote walisoma kwa bidii.

Isitoshe, safari yenyewe ni ndefu. Baada ya miaka sita kuna mwaka mmoja wa uanagenzi, na baada ya hapo kuna kusubiri kazi. Mgomo wa madaktari wa 2024, uliodumu siku 56 kuanzia katikati ya Machi, kwa sehemu kubwa ulihusu wanagenzi hao. Walikuwa wamekaa nyumbani wakisubiri kupelekwa hospitalini, na serikali ilitaka kuwalipa Sh70,000 kwa mwezi ilhali mkataba wa 2017 ulisema Sh206,400. Kijana anayeanza leo atakutana na kusubiri kwa aina hiyo bila kupenda. Sioni kwa nini ajiongezee mwaka mwingine kabla hata ya kuanza.

Na kama roho bado iko Nairobi, kuna njia isiyomlazimu kukataa alichopewa. KUCCPS hufungua dirisha la uhamisho kati ya vyuo baada ya kuwapanga wanafunzi. Anayetimiza pointi za kozi ileile kule anakotaka anaweza kuomba, na nafasi ikiwepo ahamishwe. Asipoipata, bado ana chuo.

Lakini hoja iliyonifanya niandike barua hii ni nyingine. Familia nyingi huuliza jina la chuo, na husahau kuuliza hospitali. Mwanafunzi wa udaktari huanza na madarasa na maabara, kisha miaka inayobaki anaishi wodini. Huko ndiko anakofundishwa udaktari. Anayehitimu katika chuo chochote kilichoidhinishwa na Baraza la Madaktari, KMPDC, hupitia uanagenzi uleule na kupewa leseni ileile. Wizara ya Afya inapowagawa wanagenzi, wa Nairobi, wa Eldoret na wa Kakamega hujikuta zamu moja, katika chumba kimoja cha kujifungulia, saa tisa za usiku. Mimi nikiwa zamu nao sikumbuki nani alisoma wapi. Nakumbuka nani anajua kuweka kanula ya dripu kwa mtoto aliyeishiwa maji.

Juzi nyanya mmoja kutoka upande wa Ahero alileta mjukuu wa miezi minane. Vidole vya mikono na miguu vimevimba, ukimgusa analia. Nyanya aliamini mtoto aliangushwa na yaya na hasira zilikuwa zimempanda. Walikuwepo wanafunzi wawili. Mmoja, aliyekuja kwetu kwa muda kutoka chuo chenye jina kubwa, aliwaza mfupa uliovunjika, na si vibaya kuwaza hivyo. Wa pili, wa chuo kichanga, aliinama akaangalia viganja vyote viwili na nyayo zote mbili. Akavuta kidogo ngozi ya chini ya jicho kuona kama damu ipo. Kisha akamuuliza nyanya kwa Kijaluo kama katika ukoo kuna mtoto mwingine anayeugua mifupa mara kwa mara, au aliyewahi kuongezewa damu. Yupo, binamu. "Sista, tupime selimundu," akaniambia. Huo ni ugonjwa wa damu wa kurithi, ambao huweza kuvimbisha vidole vya watoto. Majibu ya maabara yalirudi vile alivyodhani, na yule yaya akaondolewa lawama. Yule kijana hakumzidi mwenzake akili. Alikuwa ameviona vidole vya namna hiyo, tena na tena, kwa sababu amesomea mahali ambapo watoto hao wapo.

Na wapo kwa sababu. Huku ukanda wa ziwa malaria ipo mwaka mzima, na mtu aliyerithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja tu hukingwa kwa kiasi dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana jeni hiyo imeenea pande hizi, na ndiyo maana watoto waliorithi kwa wazazi wote wawili tunawapokea wengi. Chanjo ya malaria ilipoanza kutolewa nchini mwaka 2019, ilizinduliwa Homa Bay. Anayetaka kuwa daktari wa Wakenya akipangiwa huku, amepelekwa penye wagonjwa na penye kazi.

Mifano ya hospitali ipo. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maseno hujifunzia Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo watu wa Kisumu bado wanaiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti na kufunguliwa 1969. Wa Egerton wako Nakuru, katika hospitali ya rufaa ya kaunti, ambayo wenyeji wamezoea kuiita PGH. Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi kilianza kufundisha madaktari mwaka 1990, na tangu mwanzo kimewapeleka wanafunzi wake vituo vya afya vya mashambani kuishi na kujifunza huko, chini ya mpango unaoitwa COBES. Wakati huo Moi nacho kilikuwa kichanga, na watu walikitilia shaka vilevile. Leo waliosomea hapo wanatibu nchi nzima.

Kwa hiyo mzazi afunge safari aende akaone. Aulize wanafunzi wangapi huzunguka kitanda kimoja wakati wa raundi, maana wakiwa ishirini, wa nyuma hasikii kitu. Aulize kama kuna madaktari bingwa wanaofundisha kweli, au majina yao yako ubaoni tu. Maiti za kujifunzia anatomia zipo? Je, kuna darasa lililokwisha kuhitimu, na wahitimu wake walifanyia uanagenzi wapi? Wanafunzi wa mwaka wa tano watakujibu kwa uwazi kuliko ofisi yoyote, nunua chai tu.

Sasa wale ambao ningewaambia wasiende. Wa kwanza ni aliyeitwa na chuo ambacho KMPDC haijakiidhinisha kufundisha udaktari. Hapo hakuna mjadala, hata kama kibali "kinakuja". Wa pili ni kijana asiyetaka udaktari, anayesukumwa na baba. Huyo nimewahi kumwona wodini akimtazama mgonjwa kama mtu anayesubiri matatu, na sikumlaumu yeye.

Wa tatu ni wa pesa, na hapa naomba familia zikae chini bila aibu. Udaktari ni kati ya kozi ghali kuliko zote. Mfumo wa ufadhili ulioanza 2023 hupima uwezo wa familia, na ufadhili wa serikali usiorudishwa ni wa vyuo vya umma. Aliyepangiwa chuo cha kibinafsi hutegemea mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, na mfuko wa nyumbani. Harambee hulipa muhula wa kwanza vizuri sana, hulipa wa pili kwa shida. Mwanafunzi anayeacha mwaka wa tatu kwa kukosa karo ameumia kuliko aliyesubiri mwaka mmoja akapata nafasi chuo cha umma. Kama hesabu ya miaka yote sita haifiki, hata kwa mkopo, hata kwa kuuza ng'ombe, bora kuomba tena, au kuangalia utabibu, yaani kozi ya maafisa wa kliniki, pale KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya. Na tafadhali, utabibu usisomwe kama chumba cha kusubiria udaktari. Usiku mwingi katika kaunti zetu, anayeokoa mtoto ni tabibu.

Kabla ya kukataa chochote, wapate jibu la maandishi kutoka KUCCPS kuhusu hali ya mwanafunzi aliyeacha nafasi aliyopangiwa. Na wakikubali, karo wailipe kwa njia rasmi ya chuo tu. Msimu huu kuna watu wanaopigia wazazi simu wakijiita maafisa wa usajili, wakitaka pesa "kushikilia nafasi". Nafasi ya KUCCPS haishikiliwi kwa kutuma pesa kwa simu ya mtu.

Muuguzi, Kisumu