Shughuli za Hilo: jibu kwa wapwa zangu wa Pangani

Wapwa zangu, tangu muone ile picha niliyopigwa nimevaa makoja ya maua mpaka kidevuni, swali lenu limekuwa moja: "Shangazi, huko Hawaii watu wanafanya kazi saa ngapi?" Na mmoja wenu amenitumia ujumbe kwamba anataka kuuza pikipiki aje, maana ngoma anajua kupiga na ameona kwenye video jinsi watalii wanavyolipa kutazama. Nawajibu wote kwa mpigo, na nitasema kweli tupu.

Naishi Hilo, mji mdogo mashariki mwa kile kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Hawaii. Natunza wazee, zamu ya usiku, siku tano kwa wiki, na siku ya sita nasafisha nyumba za watu. Nyinyi mkikaa kula wali wa usiku saa mbili, kwangu ni saa moja asubuhi, ndiyo kwanza natoka zamu. Chumba na jiko nalipa dola 1,300 kwa mwezi. Chakula kingi huja kwa meli kutoka bara la Marekani, na nauli ya meli hiyo anailipa mlaji. Hayo ndiyo maisha ya siku zile ambazo sipigwi picha.

Lakini picha haikudanganya. Sherehe zipo, na nyingi. Sisi tuna neno shughuli: arusi ni shughuli, na kazi pia ni shughuli. Huku ndiko nilikolielewa neno hilo sawasawa.

Shughuli kubwa ya hapa huanza Jumapili ya Pasaka ikaenda wiki nzima. Inaitwa Merrie Monarch, yaani Mfalme Mchangamfu, kwa heshima ya mfalme Kalākaua aliyetawala kuanzia 1874 hadi 1891. Lazima mjue alifanya nini. Mwaka 1830 Malkia Kaʻahumanu, baada ya kuingia dini ya wamisionari, alipiga marufuku hula, ngoma ya jadi ya huku, kuchezwa hadharani. Ngoma ikajificha majumbani na vijijini, wazee wakawafundisha watoto wao kimya kimya, mpaka Kalākaua akairudisha uwanjani mbele ya watu. Baada yake mambo yakaharibika tena: ufalme ukapinduliwa mwaka 1893, na 1896 sheria ikafanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia shuleni. Baadhi ya wazee ninaowatunza wanasimulia jinsi wazazi wao walivyochapwa kwa kusema lugha ya mama yao.

Na Hilo yenyewe ina jeraha lake. Mei 23, 1960, mawimbi ya tsunami yaliyotoka Chile yaliua watu 61 hapa mjini. Bibi mmoja ninayemtunza, nikimsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu pale ufukweni, hunionyesha uwanja wa nyasi, hauna hata jiwe, akasema: "Jiko letu lilikuwa pale." Mji ulikuwa umelala kibiashara, na sherehe hii ilianzishwa miaka michache baadaye ili uamke. Mashindano ya hula yakaongezwa mwaka 1971.

Siku hizi vyama vya hula, wenyewe wanaviita halau, vinatoka visiwa vyote na hata ng'ambo. Jumatano ni usiku wa bure, na watu wanapanga foleni mchana kutwa. Ijumaa ni hula ya kale, na huo ndio usiku wangu. Hakuna gitaa. Mwalimu anakaa chini na ngoma ya vibuyu viwili vilivyoungwa, kimoja juu ya kingine, anaidundisha sakafuni halafu anaipiga kofi ubavuni, anadundisha, anapiga, kisha anapaza sauti ya kughani. Maelfu ya watu uwanjani, humsikii hata anayekohoa. Mikono ya wachezaji inataja upepo, mlima, mvua. Ndiyo, mvua: huku kila mvua ina jina lake, na ya Hilo inaitwa Kanilehua. Miaka miwili ya mwanzo niliilaani mvua hiyo kila nguo zangu zilipokataa kukauka. Sikujua watu wanaighani.

Sasa yale makoja. Mwaka wangu wa kwanza sikuwa na tiketi wala mwenyeji. Jirani yangu, mama mtu mzima (huku kila mkubwa wako ni Aunty au Uncle, humwiti kwa jina kavu, kama kwetu tu), binti yake alikuwa anacheza. Aliniona natoka kazini akaniita: "Unajua kushona maua?" Nikavua ndala mlangoni, nikaingia kwenye banda lake la gari. Wanawake saba wameketi, ndoo za maua katikati. Akanipa sindano ndefu kama mkono wangu kuanzia kiganja hadi kiwiko, na bakuli la vichipukizi vyeupe wanavyoviita pikake. Nilipoinama kunusa nilishindwa kujizuia. Ilikuwa asumini, asumini yetu hasa, ile bibi yenu alikuwa akiifunga kikuba kila Alhamisi jioni. Nililia mbele ya watu nisiowajua. Hakuna aliyeniuliza kitu. Aunty alinisogezea kiti karibu yake, tukatunga mpaka usiku wa manane, na Ijumaa ile kulikuwa na tiketi yangu.

Ukivishwa koja hapa huvui mbele ya aliyekuvisha. Likinyauka hulitupi jalalani. Unakata uzi, maua unayarudisha chini ya mti. Na kuna ua moja jekundu la mti wa ohia, lehua, ambalo halau nyingi zimeacha kulichuma msituni, kwa sababu ugonjwa wa kuvu unaua miti hiyo. Ndilo ua linalotajwa na jina la mvua yao wenyewe, na wamejinyima.

Mama zenu wameuliza nakula nini kwenye sherehe hizo. Mtoto akitimiza mwaka mmoja hapa hufanyiwa karamu kubwa kama arusi. Wazee wanaeleza kwamba zamani, maradhi ya wageni yalipoingia, mtoto kufika mwaka ilikuwa jambo la kushukuru. Wanachimba shimo, wanachoma mawe kwa kuni, wanatandika migomba iliyopondwa, juu wanalaza nguruwe, wanafunika kwa majani, magunia yaliyolowa na udongo mpaka kesho yake. Mimi nguruwe sili na wanajua. Naletewa samaki, viazi vitamu, shelisheli la kuchoma, na poi, yaani majimbi yaliyopikwa yakapondwa hadi yakawa uji mzito wa zambarau. Na sufuria ni zangu kuosha. Nilizidai mwenyewe mara ya kwanza, sasa nikichelewa naulizwa niko wapi.

Kiangazi mahekalu ya Kibuddha ya Wajapani, wajukuu wa vibarua wa mashamba ya miwa, hupokezana kuwachezea marehemu wao ngoma ya duara usiku. Yeyote anaingia.

Basi wewe wa pikipiki. Kazi ya kuchezea watalii hotelini ipo, lakini wenye ngoma yao wenyewe haiwatoshi kodi ya nyumba. Hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilionyesha kuwa zaidi ya nusu ya Wahawaii asilia wanaishi nje ya visiwa vyao, wengi wamekwenda Las Vegas na California kufuata nyumba wanazozimudu. Wiki ya Merrie Monarch ukienda uwanja wa ndege unaona mabibi wameshika makoja wanasubiri wajukuu. Usiuze pikipiki.

Na upweke upo. Sijapata mtu wa kusema naye Kiswahili hapa Hilo. Idd ya kwanza nilikula peke yangu, nimekaa kitandani. Siku hizi napika pilau sufuria kubwa nakwenda nayo kwenye lile banda la gari.

Agosti nakuja kwenye arusi ya dada yenu. Zile mbili zilizopita nilituma pesa tu, na pesa haikuchambua mchele. Nitafika Jumanne, arusi ni Ijumaa, kwa hiyo mwambieni mama yenu asinipangie kulala kwa wageni. Nilazeni uani na wapishi, na asumini ya bibi harusi msimpe mtu mwingine, nitaitunga mimi.